NANI ALIYEPOTEZA KANDA?

Ndugu wafanya kazi,



Mwezi uliopita mwenzetu mmoja, memba wa chama hiki kwa miaka kumi na minne, alipewa barua na tajiri wake. Barua yasema ajieleze kwa nini asipigwe kalamu, kwa kuwa amepoteza hesabu za kampuni za siku tisa. Kampuni siitaji kwa jina, maana shauri bado halijasikizwa, na mwenzetu pia simtaji. Lakini mimi nimefanya kazi naye katika chumba kile kile, juu ya mashine zile zile, na nasema mbele yenu wote: mtu huyu hakupoteza kitu. Aliyepoteza anajulikana, naye hulala nyumbani kwake kila usiku.

Kwanza niwaeleze kazi yenyewe. Wengi wenu, madereva na watu wa ghala na makarani, hupita mbele ya mlango wetu mkaona taa za kijani tu, mkasikia baridi ikitoka chini ya mlango, mkadhani ndani hamna mtu. Ndani mna watu. Kila kitu kampuni inachokijua kimewekwa ndani ya mashine zinazoitwa seva: madeni, mali ya ghala, na hata nyinyi wenyewe, yaani mishahara yenu, siku zenu za likizo na akiba yenu ya uzeeni. Mashine hufa. Mashine huungua. Mtu hufuta kwa makosa, au mwizi huingia kwa njia ya waya. Kwa hiyo kila usiku wa kazi vitu hivyo vyote hunakiliwa juu ya kanda, na asubuhi kanda hutolewa zikapelekwa mahali pengine, ili siku ya msiba pawe na kitu cha kurudishia.

Kanda yenyewe ni kisanduku cha plastiki kinachoenea kiganjani, na ndani yake umezungushwa utepe mwembamba wa nusu inchi kwa upana. Kanda za aina inayotumiwa sana leo, zile za LTO, zilianza mwaka 2000, na moja ilichukua gigabaiti 100. Kizazi cha 9 kilichotoka mwaka 2021 kinachukua gigabaiti 18,000 katika utepe wa mita 1,035. Ukiangusha kanda moja sakafuni umeangusha ghala zima.

Na kanda hazitumiwi ovyo. Zina zamu kama sisi. Mpango wa zamani, ambao hata leo wafuatwa katika vyumba vingi duniani, huitwa Babu, Baba na Mtoto. Kanda za Mtoto ni za Jumatatu mpaka Alhamisi, na kila moja hurudi wiki inayofuata ikaandikwa upya juu ya maandishi ya zamani. Kanda ya Baba ni ya Ijumaa. Hukaa mwezi mzima bila kuguswa. Kanda ya Babu ni ya mwisho wa mwezi, nayo hukaa mwaka na zaidi. Kosa likionekana leo, unarudi kwa Mtoto. Kama kosa lilianza wiki tatu zilizopita na hakuna aliyelijua, Mtoto hawezi kukusaidia maana naye ameandikiwa kosa lile lile, unamwendea Baba. Huo ndio ukoo wetu, na sisi wa zamu ndio tunaoutunza.

Msifikiri ni kazi ya kubeba tu. Kanda iliyokaa ndani ya gari juani haifai kuingizwa katika mashine saa hiyo hiyo. Ingoje kwanza ishike hali ya chumba. Kanda iliyoanguka isirudishwe katika zamu kama kwamba haikuanguka. Seva ikileta maandishi pole pole kuliko mwendo wa mashine, utepe husimama, hurudi nyuma, huanza tena, kama matatu katika msongamano wa Barabara ya Jogoo, na utepe huo huchakaa upesi. Hayo yote huonwa na mtu aliye chumbani saa tisa ya usiku, mwenye masikio. Ninyi mnaosema kwamba mashine zinajiendesha, njoni mkae nasi usiku mmoja. Leteni sweta.

Sasa sikilizeni yaliyotokea.

Tulikuwa watu wanne. Mwaka 2022 mmoja alistaafu, na hakuna aliyeandikwa mahali pake. Mwaka 2023 wa pili alihamishwa kwenda ghorofa ya juu. Tukabaki wawili, mmoja mchana na mmoja usiku, na ile siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, ambayo Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 humpa kila mfanya kazi, kwetu ikawa hadithi. Kisha akaondolewa dereva. Zamani kulikuwa na gari na sanduku la chuma lenye kufuli, nalo kila asubuhi lilipeleka kanda upande wa pili wa mji. Tukaambiwa gari ni gharama. Mwenzetu akapewa mfuko wa begani, akaambiwa kwa mdomo: “Wewe si unakwenda nyumbani? Nenda nazo.” Basi kanda za kampuni zikapanda matatu, zikalala chini ya kitanda katika chumba kimoja cha kupanga, pamoja na viatu vya watoto.

Kanda mpya ziliombwa mara tatu. Jibu lilikuwa lile lile mara tatu: bajeti. Kwa kuwa kanda za Mtoto zilikuwa zimechoka, zikaanza kuchukuliwa za Baba na kutumiwa kila siku, na za Babu zikawa Baba. Ukoo ukavurugika. Mkubwa alijua, maana ruhusa ilitoka kwake.

Tena kuna kanda ya kusafisha. Mashine ya kusomea ina kichwa, na kichwa hushika vumbi, na iko kanda ya pekee ya kukisafisha. Kwa kawaida kanda hiyo hutumika mara 50, kisha imekwisha, haifai tena. Yetu ikaisha. Taa ya njano ikawaka. Mwenzetu akaandika katika daftari la zamu: “Taa ya kusafisha inawaka. Kanda ya kusafisha hakuna. Nimemwambia mkubwa.” Aliandika hivyo usiku kumi na mmoja wa kazi. Nimehesabu mwenyewe kwa kidole. Na chini ya usiku wa nne pana sahihi ya mkubwa, na neno moja: “Nimeona.”

Aliona! Akaona, akaenda zake.

Siku ya Jumapili mashine ya hesabu ikafa. Tuliitwa wote wawili. Tukaingiza kanda ya Ijumaa, haikusomeka. Tukaingiza ya Alhamisi, ikasomeka robo, ikakatika. Tukashuka hivyo siku kwa siku, na jasho likitutoka katika chumba cha baridi. Za mwezi uliopita zilikuwa zimekwisha kuandikwa juu. Mwishoni mwenzetu akasema: iko moja nyumbani. Akapanda bodaboda, akarudi na kanda ya Ijumaa ya wiki iliyotangulia, aliyokuwa hajairudisha katika zamu kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, “nilikuwa siiamini ile taa.” Ikasomeka yote. Ndiyo maana hasara ni siku tisa tu. Bila kanda ile ingekuwa miezi.

Na barua aliyopewa ina makosa mawili. La kwanza ni kupoteza hesabu. La pili, sikilizeni vizuri, ni KUWEKA MALI YA KAMPUNI NYUMBANI KWAKE BILA KIBALI CHA MAANDISHI. Kanda iliyoiokoa kampuni ndiyo kosa lake la pili! Tena barua yatishia kumkata mshahara ili gharama ya mafundi ilipwe.

Msidhani mambo haya ni ya mji wetu peke yake. Katika jimbo la Ohio huko Marekani, mwaka 2007, mradi mkubwa wa kompyuta wa serikali ya jimbo ulikuwa na utaratibu huu huu: wafanya kazi hupokezana kwenda na nakala nyumbani, ati hiyo ndiyo njia ya kuziweka mbali na jengo. Zamu ikamfikia kijana wa miaka 22, mwanafunzi aliyekuwa akijifunza kazi. Mwezi wa Juni gari lake likavunjwa, na kifaa chenye nakala kikaibwa. Ndani mlikuwa na majina na namba za wafanya kazi wa serikali zaidi ya 64,000, na walipoendelea kuchunguza wakaona malaki ya watu wengine. Kijana akaondoka kazini. Mkubwa mmoja wa mradi naye akaadhibiwa: alikatwa juma moja la likizo. Pimeni wenyewe. Aliyeagizwa kubeba alipoteza kazi. Waliotunga utaratibu wa kubebesha watoto nakala za serikali, mmoja wao alipoteza siku chache za kwenda kuvua samaki.

Mwaka 2011 ikatokea tena, San Antonio katika Texas: kanda za akiba za hospitali za jeshi, zenye habari za wagonjwa karibu milioni 4.9, ziliibwa ndani ya gari la mfanya kazi wa kampuni iliyopewa kandarasi. Na mwaka 2005 kampuni ya Time Warner ilitangaza kwamba kanda 40 zimepotea zikiwa njiani, mikononi mwa kampuni ya kubeba na kuhifadhi. Ndani yake mlikuwa na habari za nani? Si za wakurugenzi peke yao. Zilikuwa za wafanya kazi 600,000, wa wakati ule na wa zamani. Ndugu wa ghala unayesema kwamba mambo ya kanda ni ya watu wa shati nyeupe, habari ndiyo hiyo: kinachobebwa ndani ya mfuko ule ni wewe.

Tena ziko njia za kuzuia aibu hii. Tangu kizazi cha 4 cha LTO, mwaka 2007, mashine yenyewe inaweza kuyafunga maandishi kwa ufunguo wa siri inapoandika, hata mwizi akiipata kanda asiweze kuisoma. Yetu inaweza. Haikuwashwa kamwe. Tuliuliza, tukaambiwa hakuna mtu wa kutunza funguo.

Sasa yako maneno tunayosikia kila mkutano na wakubwa. Wanasema: kanda ni kitu cha kale, cha wakati wa babu zetu, sisi tunahamia katika wingu. Kwa hiyo, wanasema, kwa nini tununue kanda, kwa nini tuandike watu?

Ni kweli kanda ni ya kale. Kompyuta zilianza kuandika juu ya utepe wa sumaku miaka ya 1951 na 1952. Na jembe pia ni la kale. Wingu ni chumba cha mtu mwingine, chenye seva kama zetu na watu wa zamu kama sisi. Februari 2011 baadhi ya watu walifungua Gmail wakakuta barua zao zote hazipo. Kosa la programu lilikuwa limefuta nakala katika zaidi ya kituo kimoja, maana vituo vinavyonakiliana kwa waya hupokezana na makosa pia. Google, wenye wingu lao wenyewe, walizirudisha barua zile kutoka wapi? Kutoka kanda. Walisema hadharani kwamba wanaziweka nakala juu ya kanda kwa sababu kanda zimekaa nje ya waya, na kosa la programu haliwezi kuzifikia.

Na kampuni ya Maersk mnaijua. Wenzetu wa Kilindini wanashusha makontena yake. Tarehe 27 Juni 2017 kirusi kiliingia katika mashine zake na kuzila dunia nzima kwa muda mfupi. Zile seva zilizotunza orodha ya nani aingie wapi, kama 150 hivi, zilikuwa zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe, na wakubwa walidhani hiyo inatosha. Zilikufa zote pamoja, isipokuwa moja. Ilikuwa Ghana. Na kwa nini iliponea? Kwa sababu stima ilikuwa imepotea huko kabla kirusi hakijafika, na mashine haikuwa katika waya! Njia ya intaneti kutoka Ghana ilikuwa nyembamba, ingechukua siku nyingi. Na wafanya kazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza. Basi mmoja akapanda ndege na diski mpaka Nigeria, akampa mwenzake katika uwanja wa ndege, na huyo akaruka nayo mpaka London. Kampuni inayobeba mizigo ya dunia iliokolewa na kukatika kwa stima na watu wawili wenye mkoba. Stima ikipotea tena kwetu, tusitukane sana.

Nimesema hayo si kwa kuwa nachukia wingu. Litumieni. Lakini nakala iliyofungwa kwa waya na ile ya kwanza ni ndugu pacha: ugonjwa wa mmoja ni wa wote. Inatakiwa moja iliyokaa rafuni, imetulia, haina waya, na iko nyumba nyingine. Nyumba nyingine, nasema. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lilipolipuka katikati ya Nairobi, jengo la Ufundi lilianguka lote, na Co-operative House iliyo jirani ikaharibika vibaya. Watu zaidi ya 200 walikufa siku ile, na hakuna kanda inayorudisha mtu. Lakini walio hai waliamka kesho yake wakidai mishahara, akiba na bima. Mwenye kuweka nakala yake katika ghorofa ya chini ya jengo lile lile ameweka nini?

Jambo jingine ambalo wakubwa hawalipendi ni kujaribu. Katika miaka yote niliyofanya kazi pale hatukupewa hata usiku mmoja wa kurudisha nakala ili tuone kama inasomeka. Tunaandika, tunaandika, tunaandika, kama karani anayeweka barua katika kasha asiloweza kulifungua. Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, ya mafundi wenyewe, ilipata msiba. Mfanya kazi mmoja, usiku, akiwa amechoka, alifuta hesabu katika mashine siyo. Walipotafuta nakala wakaona njia tano walizokuwa nazo hazikuwa zikifanya kazi, na barua za kuonya zilikuwa zikikataliwa njiani bila mtu kujua. Waliokolewa na nakala ambayo mfanya kazi alikuwa ameifanya kwa mkono saa sita kabla, kwa ajili ya jambo jingine kabisa. Wao hawakumtupia kijana wao lawama. Waliandika habari yote mbele ya dunia, wakasema wazi kwamba kuijaribu nakala hakukuwa na mwenyewe, na kosa hilo ni la kampuni. Matajiri wa kwetu hupenda kuiga mambo ya ng'ambo, suti, magari na maneno yao. Hili mbona hawaliigi?

Sheria inasemaje? Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yasema kwamba kabla mtu hajafutwa kwa kosa lazima aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na asikizwe, akiwa na mfanya kazi mwenzake au mjumbe wa chama aliyemchagua mwenyewe. Kifungu cha 19 kinaruhusu kukata mshahara kwa mali iliyoharibika ikiwa mfanya kazi alifanya kwa kusudi. Kwa kusudi! Mtu aliyeandika onyo usiku kumi na mmoja alifanya nini kwa kusudi, ila kuonya? Na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 humwekea wajibu yule anayeamua habari za watu zitunzwe na zitumiwe vipi. Huyo ni tajiri. Mtu wa zamu haamui hata rangi ya kibandiko.

Tena kifungu cha 10 cha Sheria ya Kazi kinamtaka tajiri ayaweke maandishi ya masharti yako ya kazi kwa miaka mitano baada ya wewe kuondoka. Leo maandishi hayo yako wapi? Mengi yako katika kanda. Na hapa kuna mtego mwingine. Mashine za LTO za kizazi cha 8, zilizotoka mwaka 2017, husoma kanda za kizazi cha 7 na cha 8, basi. Kanda ya kizazi cha 5 ya mwaka 2010 ukiipeleka huko haifunguki, hata iwe nzima kama yai. Kampuni inayonunua mashine mpya na kuitupa ya zamani, bila kuhamisha maandishi kwanza, imetupa ufunguo na kubaki na sanduku. Siku utakapokwenda kudai malipo yako ya miaka ya nyuma utaambiwa: kanda tunazo, lakini mashine ya kuzisoma tuliiuza vyuma kuukuu.

Na katika zile siku tisa, ilikuwamo ovataimu ya watu wa ghala ya mwisho wa mwezi. Sasa wameambiwa waandike upya kwa kichwa, na kila mmoja amekatwa saa mbili tatu ati “hazikumbukwi.” Basi waliopoteza ni wengi kuliko mnavyofikiri.

Lakini nisiwe mnafiki. Na sisi wa chumbani tuna yetu. Wako wanaotia alama ya ndiyo katika daftari bila kuitoa kanda. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo usiku mmoja mwaka 2019, mtoto wangu alikuwa hospitali, nikaandika “nimebadilisha” kabla ya kubadilisha, kisha usingizi ukanishika. Hapakutokea kitu. Lakini tangu siku hiyo najua kwamba daftari la uongo ni kamba tunayomsokotea mwenzetu wa zamu inayofuata, na tajiri ndiye atakayeivuta. Kama mwenzetu huyu angekuwa na tabia hiyo leo tusingekuwa na neno la kusema. Kitu kimoja kinachomlinda ni yale maandishi kumi na mmoja yaliyoandikwa kwa kalamu.

Na ndiyo sababu, ndugu zangu, wiki iliyofuata msiba daftari la karatasi liliondolewa. Tumeambiwa sasa tuandike katika kompyuta, mahali ambapo mkubwa anaweza kuingia na kubadilisha na sisi tunaweza kusoma tu. Daftari la zamani liliwekwa katika kabati la mkubwa. Alilokuwa hajui ni kwamba kurasa zile zimekwisha kupigwa picha kwa simu.

Chama kimeandika barua kwa tajiri, na sharti letu la kwanza ni kwamba barua ile ya makosa mawili ifutwe yote, na mshahara wa mwenzetu usiguswe. Daftari la karatasi lirudi, lenye kurasa mbili mbili na kaboni katikati, moja ya kampuni na moja ya mjumbe wa chama. Na mkubwa akiandika “nimeona” aandike pia atafanya nini na lini. Gari na sanduku la kufuli virudi, na mfanya kazi yeyote asibebe kanda kwa matatu wala kuzilaza kwake, hata akipewa kibali cha maandishi. Kanda na za kusafisha zinunuliwe kabla hazijaisha, kama mafuta ya jenereta yanavyonunuliwa. Kila mwezi usiku mmoja uwe wa kurudisha nakala na kuijaribu, saa zake zilipwe. Na watu wawe wanne. Juu ya hilo la mwisho wamecheka. Waache wacheke, tutazungumza nao tena.

Kwa memba wa afisi nyingine zenye vyumba kama chetu: kuanzia leo andikeni kila taa inayowaka, kila ombi lililokataliwa, tarehe na saa na jina la mliyemwambia. Msitoe kanda moja nje ya jengo kwa neno la mdomo. Mkiagizwa, ombeni karatasi, na mkinyimwa karatasi mwiteni mjumbe wenu saa hiyo hiyo.

Shauri la mwenzetu litasikizwa Alhamisi, saa tatu asubuhi. Ndani anaruhusiwa kuingia na mjumbe mmoja. Sisi wengine tutakuwa nje langoni, kwa amani, bila mawe na bila matusi, na watu wa ghala waje na hesabu zao za ovataimu mkononi. Wa zamu ya usiku wakitoka kazini siku hiyo wasiende kulala kwanza.

Mimi mwenzenu,
MFANYA KAZI WA ZAMU YA USIKU